Popo wa Kolwezi si munyama mumoja: wajulikane mbele ya kufunga mashimo

Jua likiisha kuzama Kolwezi, na vumbi la malori likianza kutulia kando ya barabara ya kwenda Likasi, popo wanatoka. Wanatoka chini ya mabati ya nyumba za zamani, ndani ya mashimo yaliyoachwa na wachimbaji, ndani ya mitaro ya saruji na mapango ya mawe. Watoto wanawatupia mawe. Mama aliye karibu na mbabula, akisonga bukari, anafunika sahani juu ya mavi yanayoanguka toka kwenye dari. Na muzee akiulizwa yule ni munyama gani, anajibu kwa neno moja: popo.

Shida inaanzia kwenye neno hilo moja. Linatumiwa kwa yule anayekula matunda na yule anayekula wadudu. Linatumiwa kwa yule anayelala juu ya muti na yule anayelala mita makumi chini ya udongo. Na hata kati ya wale wanaofanana kabisa, pua sawa, rangi sawa, mabawa sawa, sayansi ya miaka hii imeonyesha kwamba mara nyingi ni wanyama wawili, watatu au zaidi, ambao hawajazaana tangu maelfu na maelfu ya miaka.

Habari hii inaweza kuonekana kuwa ya wataalamu wa Ulaya wenye muda mwingi. Lakini katika jimbo la Lualaba, ambako vijana wanaingia chini ya udongo kila siku, na ambako jamaa nyingi zimehamishwa juu ya migodi au zimekimbia vita na kuja kulala ndani ya nyumba zilizokuwa tupu, kumujua popo ni jambo la afya na la haki.

Wanafanana kwa macho, wanatofautiana kwa sauti

Duniani kuna aina zaidi ya 1,400 za popo. Katika kila aina tano za wanyama wanaonyonyesha, karibu moja ni popo. Hesabu hiyo inaongezeka kila mwaka, na sababu kubwa ni kwamba watafiti wameanza kuangalia kitu ambacho macho hayaoni: jeni, yaani ile alama ya uzazi iliyo ndani ya kila chembe ya mwili, ambayo mutoto anapokea kwa mama na baba.

Kazi yenyewe si ya uchawi. Popo anakamatwa kwa wavu usiku, anapimwa mukono na uzito, na kipande kidogo cha ngozi ya bawa, kidogo kuliko kichwa cha kiberiti, kinakatwa. Kile kitundu kinapona. Ngozi inawekwa ndani ya alkoli na kupelekwa kwenye labo. Kule wanasoma sehemu moja ya jeni na kulinganisha na ile ya popo wengine. Tofauti ikiwa ndogo, ni wa jamaa moja. Tofauti ikiwa kubwa sana, hata kama sura ni moja, inaomba kuuliza kama ni munyama mwingine.

Sauti pia inasaidia. Popo wanaokula wadudu wanapiga kelele ambazo sikio la mutu haliwezi kusikia, kisha wanasikiliza vile sauti inarudi, na hivyo wanaona njia gizani. Uingereza kulikuwa na popo mudogo ambaye kila mutu alimujua, anayelala hata ndani ya paa za nyumba. Katika miaka ya 1990 watafiti waligundua kwamba wengine wanaita kwenye kipimo cha karibu kiloherzi 45 na wengine karibu 55. Jeni zikapimwa, na mwaka 1997 ikaonekana wazi kwamba ni aina mbili. Watu walikuwa wamewaona juu ya vichwa vyao tangu zamani, katika inchi yenye vitabu vingi na maprofesa wengi, na walikuwa wakiwaita kwa jina moja.

Mukaaji wa Kolwezi anaweza kuelewa jambo hili kuliko wengine. Sokoni, mama watano wamefunga vitambaa vya aina moja na wanauza unga wa aina moja. Nani atajua? Lakini wakifungua mudomo, mumoja anasema Kisanga, mwingine Kindembo, mwingine Uruund, mwingine Kiluba, mwingine Kitshokwe. Tofauti na popo ni moja tu: watu wa sokoni wanaoana na kuzaa. Hawa popo, hata wakilala kwenye dari moja, hawazaani.

Afrika ya mashariki imeanza kuhesabu upya

Kuna popo mudogo wa mapangoni, mwenye pua sawa jani, anayepatikana sehemu nyingi za Afrika. Wataalamu wanamuita Hipposideros caffer, jina lililotolewa mwaka 1846 kwa popo wa Afrika ya Kusini. Kwa miaka zaidi ya mia moja, popo wengi wa sura hiyo, toka kusini hadi Afrika ya magharibi, waliandikwa chini ya jina hilo au la ndugu yake wa karibu. Mwaka 2008 jeni zao zilipimwa, na majina yale yakaonekana kuwa mifuko miwili tu ambamo vikundi vingi tofauti vilikuwa vimetiwa.

Mwaka 2019, mutafiti Terrence Demos wa makumbusho ya Field ya Chicago, pamoja na Paul Webala wa Chuo Kikuu cha Maasai Mara kule Kenya na wenzao, walitoa kazi juu ya popo wengine wa mapangoni, wale wenye pua sawa kiatu cha farasi. Jambo likawa lile lile: ndani ya majina yanayojulikana mulikuwa na vikundi visivyokuwa na jina. Mwaka 2021 Ara Monadjem na wenzake walipanga upya popo wadogo wa Afrika ya mashariki na kutangaza aina mpya. Mumoja, aliyetoka musitu wa Mabira nchini Uganda, alipewa jina la Robert Kityo, mutaalamu wa Makerere. Ili kuwatofautisha wadogo hawa, watafiti walipaswa kuangalia jeni, fuvu la kichwa, meno, na hata kale kamufupa kadogo kalicho ndani ya uume.

Kule Kenya, ndani ya mapango ya mulima Suswa, kuna popo mukubwa mwenye masikio makubwa ambaye kwa muda murefu alihesabiwa kuwa ndugu wa yule wa Tanga, Tanzania. Mwaka 2015 alipewa jina lake mwenyewe. Hakuhama, hakubadilika rangi. Ni watu walioanza kumuangalia vizuri.

Congo na ukanda wa shaba haviko nyuma

Wenye kufikiri kwamba haya ni ya Kenya na Uganda tu wanajidanganya. Mwaka 2002, Fenton Cotterill alitangaza popo mupya wa pua ya kiatu cha farasi, toka kwenye kijito cha Sakeji, wilaya ya Ikelenge, kaskazini-magharibi mwa Zambia. Pale si mbali na chemchemi ya muto Zambezi, na mupaka wa Congo uko karibu. Udongo ni ule ule wa pori la miombo, na mvua ni ile ile inayonyeshea Mutshatsha na Kolwezi. Popo hajui douane wala kituo cha mupaka.

Mutu yule yule, mwaka 2005, alionyesha kwamba swala wa mabwawa ya Upemba ni tofauti na ndugu zake wa Zambia. Ushahidi ulikuwa nini? Ngozi na mafuvu yaliyokaa Ubelgiji tangu wakati wa ukoloni. Munyama wa Katanga alikuwa amelala ndani ya sanduku la makumbusho miaka makumi, akiwa na jina la mwingine. Na wakati jina lake lilipopatikana, swala wenyewe kule Upemba walikuwa wamepungua sana juu ya uwindaji.

Upande wa mashariki, milima ya Misotshi-Kabogo kando ya ziwa Tanganyika haikufikiwa na watafiti tangu mwaka 1960, kwa sababu ya vurugu na vita. Walipoingia mwaka 2007, baada ya wiki chache tu walirudi na wanyama ambao walifikiri kuwa wapya kwa sayansi, na popo alikuwa kati yao. Mwaka 2013 kazi yao ilitoka. Ilitangaza popo wawili wapya wa pua ya kiatu cha farasi, mumoja wa milima ile na mwingine wa Kahuzi. Kati ya walioandika kazi hiyo kulikuwa wakongomani wa kituo cha utafiti cha Lwiro, Prince Kaleme na Robert Kizungu. Hilo lisisahauliwe: si lazima kila jina litoke kwa muzungu.

Si wote wamegawanyika

Haki inaomba kusema pia upande wa pili. Kuna popo mukubwa wa rangi ya majani makavu, anayekula matunda na kulala juu ya miti akiwa na maelfu ya wenzake. Kila mwaka, kuanzia mwezi wa kumi hadi wa kumi na mbili, mamilioni yao wanakusanyika ndani ya kijipori kidogo cha Kasanka nchini Zambia, hatua chache toka mupaka wa Katanga. Wanafuata matunda ya mwanzo wa mvua, kama masuku. Wengine waliofungwa kidude cha kufuatiliwa kwa setilaiti walionekana wakirudi hadi ndani ya Congo.

Jeni za popo huyu zilipimwa toka Ghana hadi Tanzania, na kazi ikatoka mwaka 2013. Katika bara lote, wanaonekana kuwa kabila moja linalochanganyika. Hii ndiyo sababu kupima ni lazima. Macho yanadanganya pande zote mbili: yanaona mumoja mahali wako watano, na yanaweza kudhani kwamba wa Ghana na wa Katanga ni tofauti, kumbe ni mumoja. Aliyefunga shimo la Kolwezi na aliyekata miti ya Kasanka hawafanyi madhara ya namna moja. Mumoja anaweza kumaliza kikundi kisichopatikana kwingine, na mwingine anagusa munyama wa bara zima.

Kwa nini jambo hili ni la Kolwezi

Sababu ya kwanza ni hesabu rahisi. Popo wa mapangoni wakiwa aina moja iliyoenea Afrika yote, kupotea kwa shimo moja hakubadilishi kitu. Mafaili ya kimataifa yataendelea kusema: munyama huyu hana hatari. Lakini ikiwa jina lile linafunika aina tano, na mojawapo inaishi tu kwenye mawe ya ukanda huu, basi shimo moja au mapango mawili ni nchi yake yote. Baruti ya asubuhi moja inatosha kumumaliza, na hakuna atakayelia, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba alikuwako. Vilima vya shaba vya Katanga vimekwisha kutoa somo hilo. Vilikuwa na majani na maua yanayoota pale tu, juu ya udongo wenye shaba, ambayo wataalamu wa Lubumbashi na wa Ubelgiji wameyaandika. Kilima kikichimbwa, ua lile linaondoka pamoja na udongo.

Sababu ya pili ni tumbo. Popo wanaokula wadudu wanakamata usiku vipepeo ambavyo watoto wao ni funza wanaoharibu mahindi. Wale wa matunda wanabeba mbegu za miti ya pori. Jamaa iliyohamishwa na kupewa kipande cha udongo pasipo mbolea inamuhitaji popo kuliko tajiri anayenunua unga dukani.

Sababu ya tatu ni ugonjwa, na hapa inaomba kusema pasipo kuficha.

Kati ya mwaka 1998 na 2000, kule Durba, territoire ya Watsa, ugonjwa wa Marburg uliingia kwa vijana wanaochimba zahabu. Wagonjwa walihesabiwa 154, na 128 walikufa. Virusi vilivyopimwa vilikuwa vya jamaa nyingi, angalau tisa. Maana yake, ugonjwa haukuingia mara moja na kusambaa. Uliingia mara na mara toka chini ya udongo. Ulikoma wakati mugodi ulijaa maji. Ndani ya mugodi ule mulikuwa na popo wa aina nyingi pamoja, wa matunda na wa wadudu.

Mwaka 2007 wachimbaji wa Kitaka, nchini Uganda, waliugua pia. Watafiti waliingia, na mwaka 2009 walieleza kwamba virusi hai vilipatikana ndani ya popo mumoja hasa: yule wa matunda anayelala mapangoni, Rousettus aegyptiacus. Kati ya popo 100 wa aina ile, karibu 5 walikuwa na virusi siku ya kupimwa. Watu wa Kitaka walifanya vile watu wengi wangefanya: waliziba na kuua, mpaka makumi ya maelfu ya popo wakaisha. Lakini mugodi haukubaki mutupu. Popo wachache wakarudi, na mwaka 2012 ugonjwa ukatokea tena eneo lile. Walipopimwa, kati ya 100 walikuwa karibu 13 wenye virusi. Kuua kuliongeza kile walichokuwa wanaogopa. Watafiti wanaeleza kwamba popo wapya wasiokuwa na kinga waliingia mahali pa wale waliouawa, na virusi vikapata miili mipya.

Na mwishoni mwa mwaka 2024 Rwanda ilihesabu wagonjwa 66 wa Marburg na vifo 15. Mugonjwa wa kwanza alikuwa muchimbaji aliyefanya kazi katika shimo lenye popo wa matunda.

Mifano hii mitatu inatoka kwenye migodi, na yote ilikuta watu wanaofanana na vijana wa Kolwezi. Inafundisha pia kwamba si kila popo anabeba Marburg. Yule wa matunda wa mapangoni ndiye makao yake makubwa yanayojulikana. Aliye pembeni yake, mudogo, mwenye pua ya jani, anaweza kuwa munyama wa nadra kabisa ambaye hana kosa. Anayewasha tairi mulangoni mwa shimo ili kuwafukiza wote anaua asiye na kosa na kumuamsha mwenye hatari.

Swali la muchimbaji

Kijana wa karieri atauliza, na ana haki kuuliza: «Yaya, chini kule ni giza. Nitajuaje yule wa matunda na yule wa wadudu? Niite profesa?»

Jibu ni kwamba yeye hapaswi kujua. Kwake kanuni ni moja na ni nyepesi: asimuguse yeyote, asimuue yeyote, asimule yeyote aliyeokotwa shimoni. Shimo lenye popo wengi, asiingie. Na akiwa amekwisha kuingia, afunike pua na mudomo, anawe mikono kwa sabuni mbele ya kula, na asikae chini ya dari lao. Mavi yao yakikauka, vumbi linaweza kubeba kuvu inayogonjesha mapafu. Akipata homa kali, kichwa kuuma na kutapika baada ya kutoka shimoni, amwambie munganga wazi kwamba alikuwa na popo. Neno hilo moja linaweza kuokoa nyumba nzima.

Wanaopaswa kujua tofauti ni wengine: leta, masosiete ya migodi, univerisite, watu wa afya. Hao wana magari, wana mashini, wana mishahara. Ujinga wa muchimbaji unasameheka. Wao hawawezi kusema hawakujua.

Swali la jamaa zilizohamishwa

Kuna swali lingine, zito zaidi. Mama aliyeondolewa kwenye nyumba yake juu ya mugodi, au aliyekimbia vita na watoto mugongoni, atasema: watu hawana maji, hawana shule, na redio inazungumza juu ya popo? Ni nani aliyekuja kupima jeni za watoto wake?

Hasira hiyo ni ya kweli, na haifai kufunikwa kwa maneno matamu. Lakini inaomba kuangalia vile makosa yote mawili yanafanana. Jamaa zikihamishwa, mara nyingi zinaandikwa katika neno moja: «waliohamishwa». Ndani ya neno hilo kuna mwenye nyumba na mupangaji, kuna mulimaji na muchimbaji, kuna mujane, kuna aliyetoka Kasai na aliyezaliwa hapa. Karatasi ikiwafanya kuwa kitu kimoja, mwenye nyumba anapokea kitu, mupangaji anabaki barabarani, na mulimaji anapewa kiwanja pasipo shamba. Mutaa wa Kasulo, ambako kobalti iligunduliwa mwaka 2014 chini ya nyumba za watu, unajua vile ilivyo vigumu kumuhesabu kila mutu kwa hali yake. Mwenye kuhesabu vibaya watu atahesabu vibaya popo, maji na miti. Kinachotakiwa pande zote mbili ni kile kile: mujue aliyeko mbele ya kumuondoa.

Tena ni jamaa hizo hizo zinazolala karibu na popo. Nyumba iliyokaa tupu miaka mingi ina popo darini. Mutoto anaokota aliyeanguka na kucheza naye. Hapo maarifa yanapaswa kufika kwanza, kwa lugha ya nyumbani. Mutoto aliyeumwa na popo, kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni, karibu dakika 15, kisha apelekwe kwa munganga, hata kidonda kikiwa kidogo. Kwenye dari, wasichomwe moto na wasimwagiwe dawa. Usiku wakiisha kutoka, tundu lizibwe. Na isifanyike mwanzo wa mvua, mwezi wa kumi na wa kumi na moja, wakati popo wengi wa wadudu wananyonyesha. Mama akifungiwa inje, watoto wanafia ndani na kunuka, na nyumba inakuwa mbaya kuliko mbele.

Nini kifanyike

Sheria ya migodi ya Congo, ile ya 2002 iliyorekebishwa mwaka 2018, inalazimisha sosiete kufanya utafiti wa madhara kwa mazingira na kwa wakaaji mbele ya kuchimba. Hapo pana mulango. Utafiti unaoandika «popo wako» na kwenda mbele haujafanya kazi. Hata ule unaoandika jina la Kilatini la kikundi kizima, halafu unaongeza «hayuko katika hatari», umenakili kitabu cha mbali tu. Utafiti wa kweli ungeingia katika kila shimo la zamani na kila pango la eneo, ungerekodi sauti, ungechukua kipande cha ngozi ya bawa, na ungeacha vielelezo na matokeo kwa univerisite ya Lubumbashi na ile ya Kolwezi, si kuvipeleka Ulaya peke yake. Swala wa Upemba alingoja miaka makumi ndani ya sanduku la wengine. Popo wa Lualaba asingoje hivyo.

Hili si mzigo mukubwa. Chombo cha kurekodi sauti za popo kinaingia mufukoni, na kipande cha ngozi ndani ya chupa ya alkoli hakina uzito. Sheria hiyo hiyo inaweka pembeni angalau asilimia 0.3 ya mauzo ya sosiete kwa maendeleo ya wakaaji. Pesa hiyo ni ya visima, shule na hospitali, na isiguswe juu ya popo. Kupima wanyama ni deni la sosiete yenyewe, ndani ya utafiti ambao sheria imekwisha kuomba.

Na shimo likipaswa kufungwa ili vijana wasife, kuna namna. Katika inchi za Ulaya na Marekani, migodi mingi ya zamani imefungwa kwa vyuma vilivyolazwa, vyenye nafasi ambayo mutu hawezi kupita lakini popo anapita. Wafundi wa vyuma wa Kolwezi, wanaotengeneza milango mizuri kila siku, hawashindwi na kazi ile. Kwenye shimo lenye yule popo wa matunda wa mapangoni, mulango kama huo unafanya kazi mbili: unamulinda muchimbaji, na unamuacha popo akae kwake pasipo kutawanywa katika nyumba za watu.

Idara ya afya ya jimbo nayo ingekuwa na karatasi ya mashimo: hapa kuna popo wa matunda, hapa wa wadudu peke yao, hapa hakuna. Kijana hawezi kupima virusi, lakini anaweza kusoma kibao kwenye mulango wa shimo. Machifu wa mitaa, makooperative ya wachimbaji na redio za hapa wanaweza kuyapeleka maneno hayo mahali karatasi haifiki.

Jua litazama tena leo, na popo watatoka tena juu ya mabati. Kati yao kunaweza kuwa mumoja ambaye hana jina katika kitabu chochote, na kunaweza kuwa mumoja wa kukaa naye mbali. Kwa macho ya yule mama anayefunika sahani, wote ni kivuli kinachopita. Yeye amefanya kazi yake kwa siku ya leo: amefunika chakula cha watoto. Waliobaki kufanya yao ni wale walio na kalamu na mashini, na wafanye mbele ya baruti kupigwa.